Zizi la Kwenye Gauni

Aliyebuni gauni la shule la watoto wadogo nina hakika hakuwahi kuwa mtoto. Alizaliwa mzee tayari, na tai shingoni. Maana ni mtu gani mwenye akili timamu anamchukua kiumbe ambaye bado anakosa mdomo akinywa uji, halafu anamshonea nguo inayofungwa vifungo mgongoni? Na juu ya vifungo kuna mkanda. Na mkanda nao unafungwa huko huko nyuma, kwa upinde, kama zawadi ya harusi. Mimi niko kidato cha tatu, na mgongo ukiniwasha naenda kujikuna kwenye nguzo ya mlango kama ng'ombe.

Mdogo wangu alishonewa gauni la namna hiyo wakati wa likizo ya Desemba, likiwa la bluu, jipya, limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Aliyelishona ni mama. Mama ni fundi cherehani, nusu ya watoto wa mtaani kwetu hapa Karatu wanatembea ndani ya kazi za mikono yake. Kwa hiyo huyo mzee mwenye tai ninayemsema, ukimchunguza vizuri, ni mama yangu. Naomba asioneshwe karatasi hii.

Mwaka huo mama alikuwa amepata kazi kwenye loji moja kule juu, ukingoni mwa kreta. Kazi yenyewe ni kushona mapazia, kurekebisha sare za wahudumu na kuziba matundu kwenye mashuka ambayo wageni wanayatoboa sijui kwa kuota nini. Kazi nzuri, ila unalala huko huko, unarudi nyumbani ukipewa mapumziko. Baba naye ni dereva wa watalii, na msimu ukichanganya tunamwona kama tunavyowaona faru: kwa bahati, kwa mbali, akiwa na vumbi. Mimi natoka nyumbani alfajiri na ukungu, kwa sababu shule yetu inaamini kwamba akili huingia vizuri zaidi mtu akiwa anatetemeka. Anayebaki nyumbani ni bibi. Na bibi ana kila kitu isipokuwa vidole. Yaani vipo, lakini baridi yabisi imevikunja, na vilishaachana na vifungo zamani. Yeye hujitupia kanga na shuka, kwisha habari.

Sasa nani atamvalisha mtoto?

Mwalimu wa darasa la awali alishasema kwenye kikao cha wazazi: mtoto aje anajua kuvaa na kuvua, ajiendee chooni na arudi akiwa na nguo zake zote. "Mimi watoto ninao chumba kizima," alisema, "na sikuumbwa jongoo."

Mama akatoa hukumu mezani, tukila makande.

"Shule ikifunguliwa hajui kujivalisha, anakwenda Mbulu kwa shangazi yenu. Atasomea huko."

"Mbulu?" nikasema.

"Shangazi yako yupo nyumbani siku nzima. Mimi siwezi kwenda kushona pazia la Mzungu huku mtoto wangu anatembea kifua wazi kwenye ukungu."

Mdogo wangu alikuwa anatoa maharage kwenye makande na kuyapanga pembeni ya sahani, kazi anayoifanya kwa umakini kuliko yeyote ninayemfahamu serikalini. Halafu akasema neno lake, lile alilokuwa akilisema kwa kila jambo tangu alipojua kusimama:

"Mwenyewe."

Niseme wazi kwamba mdogo wangu ni msumbufu. Tunalala godoro moja, na usiku ananipiga teke la mbavu, ananinyang'anya blanketi, halafu asubuhi anadai mimi ndiye niliyemsukuma. Mtu wa kawaida angeshangilia safari ya Mbulu na kumfungia maandazi ya njiani. Nilijaribu kushangilia. Nililala chali nikajipimia lile godoro lote likiwa langu peke yangu, nikaona ni pana mno, linaweza kuwa na ubaridi hata katikati. Basi.

Tukaanza na sweta, kwa sababu Karatu bila sweta ni kujitakia kikohozi. Sweta la shule lilikuwa limenunuliwa kwa kanuni ya taifa zima: *atakulia humo*. Sijui nani alituloga. Mtoto wa awali ananunuliwa sweta ambalo litamtosha vizuri siku ya kupokea kipaimara. Mikono ya sweta ilimpita mdogo wangu mpaka magotini. Nikasimama pembeni, nikamwambia haya, mwenyewe. Akaingia. Kichwa kikaenda kwenye mkono wa kulia, mkono wa kulia ukaenda sijui wapi. Sweta likawa linatembea chumbani peke yake, likagonga kabati, likasimama.

"Dada," sauti ikatoka ndani, "huku kumeshakuwa usiku."

Mwalimu wetu wa Baiolojia anasema binadamu ndiye mnyama mwenye akili kuliko wote. Hakuwepo siku hiyo.

Mikono ya sweta niliitibu haraka: niliikunja kwa ndani nikapiga mshono mwepesi, akikua tunafumua. Taiti yake iliyokuwa na kamba ya kufunga kiunoni nikaing'oa kamba nikaweka mpira mpana, mtu anavuta tu, juu au chini, hakuna mjadala. Hayo yalikuwa rahisi na yalinitia kiburi. Nikajiona mbunifu. Nikajitazama kwenye kioo kwa upande.

Halafu nikaligeukia gauni.

Wazo langu la kwanza lilikuwa ule utepe wa kunata wa kwenye mabegi ya wageni, ule unaofunguka kwa sauti ya *kraa*. Mnadani kwetu, kwenye marundo ya mitumba, hukosi begi lililokufa. Nikalipata, nikalichuna utepe wake wote, nikaushona kwenye gauni la zamani la mdogo wangu kwa majaribio. Akavaa mara moja. Nikapiga makofi. Akatembea kwenda sebuleni kwa maringo, akakaa kwenye kochi, akainuka, na kitambaa cha kochi alichofuma mama kwa mikono yake mwenyewe kikainuka naye. Kikamning'inia mgongoni kama joho la askofu. Akapita nacho mlangoni, na jogoo akakimbia.

Hata hivyo nisingekata tamaa, kama si katekista. Alikuja kutuombea heri ya mwaka mpya, na katekista wetu ni mtu wa sala ndefu zenye vituo vya kutafakari. Tukafumba macho. Kwenye kituo cha kwanza, kimya kikatanda, tukasikia: *kraa*. Mama akakohoa. Katekista akaendelea na wagonjwa na wasafiri, akapumzika tena. *Kraa. Kraa.* Alipofika kwenye roho za marehemu wote, mdogo wangu alikuwa ameshajua kuifanya iwe na mdundo, na mimi nilikuwa nimeuma kiganja changu mpaka machozi yanatoka. Katekista aliyaona machozi, akanisifu kwa moyo wa ibada.

"Huo mtego wa panya utoke kwenye nguo ya mtoto," mama akasema geti lilipofungwa. "Leo."

Nikarudi kwenye vifungo. Lakini safari hii niliviweka mbele ya lile gauni la majaribio, mahali ambapo Mungu aliweka macho. Mdogo wangu akavifunga vyote, tatizo ni kwamba kila kifungo kilikwenda kwenye tundu la jirani. Upande mmoja wa gauni ukapanda shingoni, mwingine ukashuka gotini, akawa kama nyumba iliyojengwa kwenye mteremko bila fundi. Nikachukua kalamu ya wino mzito nikaandika namba kwenye vifungo na kando ya matundu. Moja na moja, mbili na mbili. Tukakaa kwenye ngazi ya jiko nikimfundisha kwa sauti kubwa, mimi nikihesabu, yeye akirudia kwa kuruka namba asizozipenda.

Bibi alikuwa anachambua mboga. Akaacha.

"Unamhesabisha nini mtoto?"

"Vifungo, bibi."

"Leo vifungo. Kesho atakwenda kuwahesabu ng'ombe wangu."

Hapo nieleze. Nyuma ya nyumba bibi ana ng'ombe wake wachache, na bibi hahesabu ng'ombe. Haruhusu mtu awahesabu. Alikuja bwana mmoja wa chanjo na karatasi yake, akauliza, "Mama, ng'ombe wako wangapi?" Bibi akamjibu, "Si hao unawaona?" Ukihesabu mali unaiita hasara ije ijionee, ndivyo anavyosema. Kwa hiyo na mimi idadi yao siiandiki hapa. Bibi ana masikio.

Lakini jioni wanaporudi, bibi husimama langoni mwa zizi, na hapotezi hata mmoja. Anawaangalia wakipita na kuwataja kwa sura. Kahawia. Mweusi. Wa Madoa. Mwekundu. Akinyamaza na uso ukibadilika, ujue kuna asiyekuwepo, na anajua ni nani. Mdogo wangu husimama naye pale kila jioni, na fimbo iliyomzidi urefu, akiwataja pia kwa sauti ya ubosi. Wakubwa wanaingia wenyewe, kila mmoja anajua kona yake. Ndama tu ndiye haachiwi mtoto. Ndama anaingizwa na mama. Cherehani ilikuwa inanyamaza, mama anatoka na uzi bado begani, anamkumbatia ndama chini ya shingo na tumbo, anambeba mpaka kibandani. Hiyo haikuwa na mjadala kwetu, kama vile baba hukatiwa nyama ya kwanza hata akiwa hayupo.

Jioni ile ile, baada ya namba kushindwa, mdogo wangu alikuwa amevaa sweta langu la zamani la vifungo, lile ambalo kila kifungo kilichokatika kilirudishiwa kingine tofauti, mpaka likafanana na kikao cha ukoo. Anasubiri langoni, anajipapasa tumboni kushuka chini.

"Mweusi yupo," akasema. "Mweupe yupo. Mwekundu hajarudi."

Nikaangalia zizi. Ng'ombe wote walikuwa ndani. Nikamwangalia yeye. Kidole chake kilikuwa kwenye kifungo chekundu cha sweta, kilichokuwa kinaning'inia nje ya tundu lake.

"Atarudi kwa mlango gani?" nikamuuliza, taratibu, kama mtu anayemnyatia kuku.

Akanitazama jinsi wanavyotutazama wenye akili. "Wake."

Usiulize shuleni nilifanya nini kesho yake wakati wa somo la Historia. Nilichora gauni. Tulikuwa tumeshaitwa kwenye yale masomo ya ziada ya likizo, ambayo ni adhabu iliyopewa jina zuri. Nilichora vifungo vya rangi mbalimbali, na kila tundu limezungushiwa uzi wa rangi ya kifungo chake. Kahawia, mkubwa kuliko wote, nilimtoa kwenye koti la mtumba, nikamweka chini kabisa, kwa sababu mtoto huona tumbo lake kabla ya kuona kidevu, na kwa sababu yule ndiye anayetangulia njiani. Mweusi alitoka kwenye suruali ya baba, ambayo naomba asiitafute. Wa Madoa nilimpaka madoa mwenyewe. Mwekundu alihama kutoka kwenye sweta. Na juu kabisa, shingoni, niliweka kidogo cheupe, nilichokikata kwenye shati langu la shule. Ndama.

Kisha nikachukua mkasi nikaenda kwenye gauni lenyewe, lile la bluu linalosimama. Nikalifumua mgongo, nikaushona ukafungika moja kwa moja, nikalipasua mbele. Mkanda nikautupa.

Mama alirudi kutoka dukani akanikuta nimeikalia cherehani yake.

"Umeligeuza gauni la shule?"

"Sijaligeuza, mama. Lilikuwa limegeuka."

Mama akalichukua, akalipindua, akaangalia mishono yangu. Mimi nilikuwa nimeshachagua mlango wa kukimbilia.

"Watu watasema mtoto wa fundi ameshonewa gauni na mlevi," akasema.

"Watasema kavaa mwenyewe."

"Na hizi rangi? Sare ni sare."

Nikamwonyesha: upande wa juu nilikuwa nimeacha ukanda wa kitambaa unaolala juu ya vifungo na kuvifunika. Mtu wa nje haoni kitu. Anayejua ni mvaaji tu. Mama akaunyanyua ule ukanda, akaushusha, akaunyanyua tena. Kisha akayaona matundu yangu.

"Haya ni matundu au midomo ya vyura?"

"Ni… mwanzo."

"Toka hapo," akasema. "Niletee sindano nyembamba. Na nyuzi za rangi zote, usinichagulie."

Akakaa akayazungushia upya matundu yote kwa mkono, moja baada ya jingine, mishono imesimama karibu karibu kama watu kwenye foleni ya sukari. Hakunisifu. Ila alipofika kwenye lile tundu jeupe la juu alilishona polepole zaidi, akauliza hili ni la nani, nikamwambia. Akasema, "Mh." Mama akisema mh, ni hotuba.

Tukafanya mazoezi siku zilizobaki. Nilikatazwa kugusa. Kumwangalia mtoto akivaa bila kumgusa ni mateso ambayo waliotunga adhabu za shule bado hawajayagundua. Unaona kabisa mkono unapita sentimita moja kando ya tundu, ulimi uko nje, pua inatiririka, na wewe umekaa umekunja vidole. Siku nyingine Mwekundu alikataa kuingia kabisa, mdogo wangu akavua kila kitu akaenda kulala chini ya meza akiwa na taiti peke yake. Mama akamwangalia, halafu akaangalia begi lake la safari lililokuwa limeshaanza kujaa. Kando yake kulikuwa na begi dogo, tupu, ambalo hakuna aliyesema ni la nani.

Siku ya mtihani ilikuwa ile ya kufungua shule, ambayo pia gari la wafanyakazi wa loji lilikuwa linampitia mama. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Mama akakaa kwenye kigoda, mikono ameikalia. Bibi akaegemea mlango. Mimi nilipaswa kuwa njiani, lakini niliamua kwamba kuna elimu na kuna elimu.

Mdogo wangu akavuta taiti. Akaingia kwenye gauni mikono ikitangulia. Akanyanyua ule ukanda wa kitambaa, akauma ncha yake kwa meno ili usimsumbue, mbinu ambayo sikumfundisha.

"Kahawia," akasema, meno yamebana. Akaingia.

"Mweusi." Akaingia.

Wa Madoa akazunguka zunguka, akaingia. Mwekundu akaelekea tundu la Mweusi. "We! Si kwako hapo," mdogo wangu akamkaripia, akamrudisha, akamsukuma kwa kidole gumba mpaka akapita. Bibi akaguna kwa kuridhika kama yuko langoni mwa zizi.

Kikabaki kile cheupe cha juu.

Mdogo wangu akaachia ukanda kutoka mdomoni. Akashusha mikono. Akasimama.

Tukasubiri. Niliukaza mkono wangu kwenye sketi yangu.

"Kimoja bado," mama akasema.

"Najua."

"Mbona humalizii?"

"Ni ndama."

"Ndama ana nini?"

"Ndama anaingizwa na mama."

Hakuna aliyecheka, hata mimi, na mimi hucheka misibani. Mama akaitoa mikono alikokuwa ameikalia. Akapiga magoti, akashika ile shingo ndogo, akakipitisha kile kifungo kwenye tundu alilolishona mwenyewe. Akabaki amekishika.

"Na mimi nisipokuwepo?"

Mdogo wangu akafikiri. Ukungu ulikuwa unaingia mlangoni, na kule barabarani tukasikia gari likipunguza mwendo.

"Atakaa nje mpaka urudi."

"Atapigwa na baridi."

"Ana sweta," mdogo wangu akasema, na akaliingia lile sweta mwenyewe, kichwa kikatoka panapotakiwa kutoka kichwa.

Mama alicheka huku anafuta macho kwa mkono wa blauzi, jambo ambalo mimi nikilifanya ananipiga. Akachukua begi moja. Lile dogo akalisukuma kwa mguu likaingia chini ya kitanda. Bibi akasema gari halisubiri, akaenda zake kwa ng'ombe.

Tangu hapo mdogo wangu anakwenda awali kila siku akiwa amevaa mwenyewe, na shingoni, chini ya sweta, kifungo kimoja kiko wazi. Mwalimu wake hajasema kitu. Wangu amesema. Mwalimu wa nidhamu aliliona shati langu na pini yake.

"Kifungo chako cha juu kiko wapi, binti?"

"Kiko kwa mdogo wangu, mwalimu. Ni ndama."

Nilifagia uwanja wote, na haukuwa mdogo.

Asubuhi moja kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Nikapiga magoti kama sina nia mbaya, nikapeleka kidole chini ya lile sweta nimfungie ndama. Akanipiga kibao cha mkono.

"Wewe si mama."

"Mimi ndiye niliyelishona gauni!"

"Mama ndiye ameshona mlango."

Hukumu yake haina rufaa. Nikafunga kamba za viatu vyangu nikaenda shule.

Mama alipopewa mapumziko yake ya kwanza, gari lilimshusha barabarani jioni, ng'ombe wakiwa ndiyo wanarudi. Mdogo wangu aliiacha fimbo yake kwa bibi akakimbia. Hakumkumbatia. Hakuuliza zawadi. Alisimama mbele yake, akalivuta sweta chini kwa mikono miwili, akainua kidevu juu, akangoja. Mama akaweka mizigo yote vumbini.

Mimi nilikwenda kuokota mizigo. Mtu lazima aifanye hiyo kazi, na katika nyumba yetu sikuachiwa hata soksi ya kumvalisha.